Yartsaiti: hauli ya Kiyahudi

Jumamosi, 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia kuteka petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Wengi waliungua wasitambulike, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Jamaa zao huhesabu miaka kwa tarehe hiyo ya Januari. Myahudi angehesabu vingine.

Siku ya Kiyahudi huanza jua likitua, kama ilivyo kwa Waswahili wa pwani, ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Aliyefariki siku ile kabla ya magharibi angekumbukwa tarehe 6 ya mwezi wa Shevati. Aliyefariki baadaye, tarehe 7. Miezi yenyewe ni ya kuandama, ila huongezwa mwezi mmoja mara 7 katika kila miaka 19 ili isihame majira. Ndiyo maana 6 Shevati iliangukia 4 Februari mwaka 2025, na 24 Januari mwaka 2026.

Siku hiyo ya mwaka huitwa yartsaiti, neno la Kiyidishi lenye asili ya Kijerumani. Magharibi huwashwa mshumaa wa kukesha saa 24, na mtoto wa marehemu husoma Kadishi, dua ya Kiaramu ambayo, ajabu, haitaji kifo hata mara moja. Kadishi hutaka kundi la watu kumi. Kwa desturi ya zamani, wanaume kumi. Wakimbizi wa Kiyahudi kama familia ya mwandishi Stefanie Zweig, waliofika Kenya mwaka 1938 wakiwakwepa Wanazi, waliishi mashambani Bonde la Ufa. Kumi wangepatikana wapi huko? Mshumaa hauhitaji mtu wa pili. Na kwa waliouawa Ulaya bila tarehe kujulikana, Israeli baadaye ilitenga tarehe 10 Teveti.

Kwa Kiswahili tuiiteje? “Kumbukumbu ya mwaka” hudhaniwa ni ya mwaka wa kwanza tu. Hitima husomwa wakati wowote. Lamu wana hauli, kutoka neno la Kiarabu la mwaka, na hurudi kila mwaka kwa kalenda ya mwezi. Kweli, hauli huwa ya masharifu na mashehe, tena ya hadhara, ilhali yartsaiti ni ya marehemu yeyote. Tofauti hiyo inazibwa na kivumishi kimoja. Mhariri aandike “hauli ya Kiyahudi”, na yartsaiti ailete mara moja tu, pale anapoeleza asili.