Ushauri nasaha ni nini?

Tunaposema ushauri nasaha, tuna maana ya tiba ya mazungumzo. Hapa Kanda ya Ziwa tunakumbuka MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996, na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafariki. Tanga likishaanuliwa ndugu huondoka, mfiwa akabaki na mawazo yake. Mshauri hamwambii "jikaze". Humsikiliza, humwacha alie, na hutunza siri yake. Msikilizaji, ukikosa usingizi au hamu ya kula wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya ukaeleze. Ukiwaza kujiua, mwambie mtu leo hii akusindikize hospitali. Kulia si udhaifu, hata kwa mwanaume.