Kiota Kabla ya Sheria: Kimaori cha Nyuzilandi, 1867–1987

Wachunguzi wa vifo vya lugha aghalabu huanza na sheria. Kwa Kimaori, sheria yenyewe ni ile ya mwaka 1867 iliyoanzisha shule za wenyeji wa Nyuzilandi na kutaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Watoto wengi walichapwa kwa kusema lugha ya mama zao uwanjani. Aliyesoma Kenya enzi za ukoloni, au hata baadaye, hahitaji kuelezwa adhabu hiyo.

Hata hivyo, fimbo haikutosha. Mwaka 1913, takriban nusu karne baada ya sheria hiyo, watoto tisa katika kila kumi wa Kimaori waliokuwa shuleni walikuwa bado wanaisema lugha yao. Mwaka 1953 walikuwa asilimia 26. Kufikia 1975 walikuwa kama asilimia 5 tu. Kilichobadilika ni nyumba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia nyingi zilihamia mijini, zikatawanyika miongoni mwa wasemao Kiingereza, na wazazi waliochapwa utotoni wakaona ni huruma kutowarithisha watoto kilichowaletea maumivu. Kupokonywa lugha ni jambo moja. Kushawishika kuiacha ni jingine, na hili la pili ndilo gumu zaidi kutangua.

Mwaka 1972 maombi yenye saini zaidi ya 30,000 yalipelekwa bungeni kudai Kimaori kifundishwe shuleni. Lakini vipindi vichache kwa wiki havizai wasemaji. Hatua nzito zaidi ilichukuliwa mwaka 1982 huko Wainuiomata, karibu na Wellington, kilipofunguliwa kituo cha kwanza cha kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Humo watoto wasiojua hata kusoma walilelewa na wazee: walilishwa, waliimbiwa na kukaripiwa kwa Kimaori. Kizazi kilichonyamazishwa kikarukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viota vilikaribia 800.

Sheria ilikuja nyuma. Mwaka 1986 Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai yanayotokana na mkataba wa 1840, lilitamka kwamba lugha ni taonga, tunu ambayo serikali iliahidi kuilinda, na kwamba kulinda si kuacha tu kuingilia. Mwaka 1987 Kimaori kikatangazwa kuwa lugha rasmi. Wakati huo watoto wa kwanza wa viota walikwisha kufikia umri wa kuanza shule.