Kidonge Kisicho na Dawa

Tezi dume ni jina la kiungo, si la maradhi. Twakumbusha hivyo kwa kuwa aambiwaye "una tezi dume" aghalabu hudhani amepatwa na saratani, ilhali kukua kwa tezi hiyo uzeeni, hata ikabana njia ya mkojo, si saratani.

Mwaka 1895 mpasuaji J. William White wa Philadelphia alichapisha habari za wagonjwa 111 waliohasiwa ili tezi zao zinywee. Wengi walisemekana kupata nafuu. Lakini nafuu kuliko nani? Hapakuwa na kundi la kulinganishia.

Mwaka 2006 yalichapishwa huko huko Marekani matokeo ya utafiti wa wanaume 225. Baadhi yao walimeza kwa mwaka mmoja dawa itokanayo na matunda ya mtende mfupi wa nchi hiyo, iliyokuwa ikinunuliwa sana. Wengine vidonge vilivyofanana nayo, visivyo na dawa. Tofauti ya maana haikuonekana.

Vidonge hivyo tuviiteje? Mfasiri mwenye haraka ataandika "dawa bandia". Hatuliafiki, kwani hilo tayari ni jina la dawa za kughushi zikamatwazo madukani. Mzee atakayesomewa neno hilo katika fomu ya ridhaa atainuka aende zake, na haki anayo. Madaktari na wabaki na "plasebo". Katika fomu na iandikwe "kidonge kisicho na dawa", ijapokuwa ni refu.