Kiungio cha mabehewa ya tramu na reli za juu

Kiungio cha mabehewa ni kifaa cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya behewa ili lishikane na jingine na yote mawili yaende kama treni moja. Makala hii inahusu viungio vya magari ya tramu yanayopita barabarani na vya treni za mijini zinazopita juu ya nguzo, hasa Marekani na Ujerumani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Viungio hivi vilifuata njia yao, mbali na vile vya treni za masafa marefu. Sababu kubwa ni mbili: kona za mjini ni kali mno, na abiria wengi wa mjini husafiri wakiwa wamesimama.

Pete na pini

Kiungio kilichoenea kwanza katika reli za Marekani kilikuwa pete ndefu ya chuma na pini mbili. Kila behewa lilikuwa na kichwa chenye mdomo. Pete iliingizwa katika midomo yote miwili, kisha pini zikadondoshwa kutoka juu kupitia matundu yake. Maelezo yanaonekana mepesi mpaka ukumbuke kwamba lazima mtu asimame katikati ya mabehewa, ainue pete kwa mkono wake iwe sawa na mdomo wa behewa linalokuja, kisha autoe mkono kabla vichwa havijagongana. Waliochelewa walipoteza vidole. Waliochelewa zaidi walipoteza uhai.

Mwaka 1873 Eli Janney, aliyewahi kuwa meja katika jeshi la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye karani wa duka huko Virginia, alipewa hataza ya kiungio kisichohitaji mkono wa mtu katikati. Kichwa chake kina kifundo kinachozunguka kwenye egemeo. Vichwa viwili vinapokutana, vifundo hujikunja na kukamatana, mfano wa watu wawili walioshikana kwa vidole vilivyokunjwa, na kitasa cha ndani hudondoka chenyewe na kufunga. Kufungua ni kazi ya mkono wa chuma unaovutwa kutoka ubavuni mwa behewa. Chama cha watengenezaji wa mabehewa cha Marekani kiliukubali mtindo huu kuwa kipimo chake mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1893 Rais Benjamin Harrison alitia saini sheria iliyozilazimisha reli zinazovuka mipaka ya majimbo kutumia viungio vinavyojifunga vyenyewe. Ajali za kuunganisha mabehewa, zilizokaribia 11,000 mwaka 1892, zilishuka hadi 2,000 na ushei mwaka 1902, ingawa wafanyakazi wa reli walikuwa wameongezeka. Kifundo hicho, baada ya kuboreshwa mara nyingi, ndicho kinachovuta hata mabehewa ya mizigo ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi.

Hata hivyo, kujifunga chenyewe hakukutosha. Mwezi Agosti 1900, huko Promontory katika jimbo la Utah, mfanyakazi wa breki aitwaye Johnson aliagizwa kuunganisha injini na behewa la chakula. Injini ilikuwa na kifundo cha Janney, na behewa lilikuwa na kulabu ya Miller, aina iliyopendwa kwenye mabehewa ya abiria. Kila kimoja kilijifunga chenyewe kikikutana na mwenzake wa aina ile ile, lakini viwili hivyo havikupatana. Johnson akaingia katikati na pete na pini, kama zamani. Alijaribu mara tatu, na mkono wake ukapondwa hata ukakatwa juu ya kifundo cha mkono. Mahakama ya chini ilimnyima haki kwa hoja kwamba kila chombo kilikuwa na kiungio halali. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1904 kwa kusema kwamba sheria ilitaka vyombo viunganike bila mtu kuingia katikati, na kiungio kisichoshikana na jirani yake hakitimizi sharti hilo. Kwa upande wa reli kuu, hoja hiyo ilifungwa hapo.

Mijini haikufungwa. Sheria ilipoongezewa vipengele mwaka 1903, magari ya reli za barabarani yaliachwa nje yake kwa maneno ya wazi. Kila kampuni ya mji ikabaki huru kuchagua chuma chake, nazo ziliutumia uhuru huo hadi mwisho.

Kona

Msamaha huo haukuwa upendeleo mtupu, kwa maana kiungio cha treni kuu kisingeweza kuingia mjini jinsi kilivyo. Reli ya masafa marefu hupinda taratibu, kwa nusu kipenyo cha mamia ya mita, na kichwa cha kiungio chake kinahitaji kuyumba digrii chache tu. Tramu inayoacha barabara moja na kuingia nyingine kwenye njia panda hupinda kwa nusu kipenyo ambacho mara nyingine hakifiki mita 15. Reli za juu zina nafuu kidogo. Huko Chicago, mzunguko wa katikati ya mji uitwao Loop, uliokamilika mwaka 1897, una kona za futi 90, yaani kama mita 27, na hadi leo mabehewa ya mji huo yana urefu wa futi 48 tu (mita 14.6) kwa sababu ya kona hizo.

Behewa refu likiwa kwenye kona, bogi zake, yaani fremu zinazobeba magurudumu, hufuata reli, lakini ncha zake hutokeza nje ya mpindo. Mabehewa mawili yakiwa kwenye kona moja, ncha zake hutokeza upande mmoja, na kiungio hulazimika kuvumilia pembe iliyopo kati yao. Kazi ngumu zaidi iko pale kona mbili zinapofuatana, moja ya kushoto na nyingine ya kulia: ncha ya behewa la mbele inakwenda huku, na ya behewa la nyuma inakwenda kule. Kiungio kifupi kilichokazwa kwenye boriti ya mwisho ya behewa hapo huwa na mambo mawili ya kufanya. Kinapinda, au kinalisukuma gurudumu mpaka litoke relini.

Dawa ilikuwa kukifunga kichwa kwenye mkono mrefu wa kuvutia, ambao egemeo lake liko nyuma kabisa chini ya sakafu, karibu na bogi. Mkono huo ulipumzika juu ya bamba la chuma lililopinda kama upinde na kuteleza juu yake kushoto na kulia. Ukichungulia chini ya baraza ya tramu ya zamani katika jumba la makumbusho, bamba hilo hulitambua mara moja, kwa kuwa sehemu yake ya katikati imeng'arishwa na chuma kilichosugua juu yake kwa miaka mingi. Mpangilio huo ulikuwa na kero yake: gari likiachwa kwenye kona, mkono ulielekea upande wake, na ilibidi mfanyakazi ausukume mpaka vichwa vitazamane kabla ya kuunganisha. Kwenye tramu nyingi zilizovuta trela moja tu, kichwa chenyewe kilikuwa mdomo na pini, na watu waliendelea kuingia katikati miaka mingi baada ya wenzao wa treni kuu kuacha.

Ulegevu

Treni ya mizigo inautaka ulegevu kati ya mabehewa. Injini ya mvuke ikiondoka, hulivuta behewa la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, badala ya kuuinua mzigo wote kwa mpigo. Kwenye treni ya mjini ulegevu huo huo ni adhabu. Treni inasimama kila baada ya dakika moja au mbili, na kila ikisimama na kuondoka, mabehewa hugongana na kuvutana, na aliyesimama ameshika kamba ndiye anayeyumbishwa. Kwa sababu hiyo kampuni za reli za juu zilipendelea viungio vinavyobana bila nafasi. Jina lililotawala Marekani mwanzoni lilikuwa Van Dorn, la mtengenezaji wa Chicago, na viungio vyake vilienea kwenye reli za juu na kwenye treni za umeme zilizounganisha mji na mji.

Upepo na umeme

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa viungio. Mwaka 1897 mhandisi Frank Sprague aliingia mkataba na reli ya juu ya South Side ya Chicago, iliyokuwa ikivutwa na injini za mvuke tangu 1892, kuweka mota za umeme kwenye mabehewa 120. Wazo lake lilikuwa kwamba kila behewa lijivute lenyewe, na dereva mmoja aliye mbele aziamrishe mota zote kwa umeme mdogo unaopita kwenye nyaya kutoka behewa hadi behewa. Katika onyesho la Schenectady mwezi Julai mwaka huo, alimkalisha mwanawe wa miaka 10 kwenye usukani wa treni. Mfumo huo ulienea haraka Boston, New York na Brooklyn.

Tangu hapo kuunganisha mabehewa kukawa kazi tatu: kushikanisha vyuma, kuunga mabomba ya upepo wa breki, na kuchomeka nyaya za amri. Mtindo wa Sprague ulileta faida ya kuongeza mabehewa asubuhi na kuyapunguza mchana, lakini faida hiyo iliwataka wafanyakazi wafanye kazi zote tatu mara kadhaa kwa siku, jukwaani, huku abiria wakisubiri. Kwa maoni ya mwandishi huyu, haja hiyo ya kukata na kuunga upesi ndiyo iliyozaa kiungio cha kisasa kuliko hofu ya ajali, ingawa ajali ndizo zinazotajwa zaidi vitabuni.

Jibu la Marekani lililodumu ni kiungio cha Tomlinson, kilichotengenezwa na kampuni ya Ohio Brass ya Mansfield, Ohio. Ndani ya fremu ya mstatili mna kulabu nene yenye springi. Vichwa vikisukumana, kulabu mbili hupishana na kunasana. Nyuso mbili zikishabana, matundu ya upepo yaliyo juu na chini ya kulabu hukutana na kufanya bomba moja, na viungo vya umeme vilivyo katika sanduku lake hugusana. Dereva huunganisha kwa kuigusisha treni taratibu, na hukata kwa upepo bila kushuka. Treni za chini ya ardhi za Toronto ni miongoni mwa zilizotumia Tomlinson.

Upepo ulikuwa na suala lake la usalama. Tramu nyingi zilizokwenda peke yake zilikuwa na breki sahili, ambapo dereva hupeleka upepo kwenye breki akitaka kusimama. Ukiifungia trela na kiungio kikakatika, bomba nalo hukatika, na trela haina tena upepo wa kuisimamisha kwenye mteremko. Treni zilihitaji mfumo wa kinyume, ambao bomba kuu hukaa limejaa upepo muda wote, na kupungua kwa upepo huo ndiko kunakokaza breki. Hapo kiungio kikikatika, vipande vyote viwili husimama vyenyewe.

Ujerumani

Huko Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad, Karl Scharfenberg alipata hataza mwaka 1903 kwa kiungio ambacho wahandisi wengi wa treni za abiria wangekitaja kwanza. Uso wa kichwa chake una koni upande mmoja na shimo la koni hiyo upande wa pili, kwa hiyo vichwa viwili huelekezana vyenyewe vikikaribiana. Ndani mna diski inayozungushwa na springi, yenye pengo ukingoni na pete iliyoshikizwa upande wa pili. Pete ya kichwa hiki huingia katika pengo la kile, na ya kile katika pengo la hiki, kisha diski huzunguka na kufunga. Pete mbili na diski mbili hufanya msambamba ambamo kila pete hubeba nusu ya mzigo. Kwa kuwa nguvu hizo mbili zinalingana, kuvuta kwa nguvu zaidi hakuwezi kuzizungusha diski zikafunguka. Treni za umeme za Berlin zilikipokea katika miaka ya 1920, na leo kimeenea duniani, pamoja na tramu nyingi.

Tramu maskini zaidi zilipata mkombozi wao Krefeld, ambako Karl Albert, mkurugenzi wa tramu za mji huo, alibuni mwaka 1921 kiungio cha ulimi na mfuko chenye pini mbili. Magari husogezwa mpaka vichwa viingiane kwa kukunjika upande mmoja, pini ya kwanza hutiwa, gari la mbele huvuta kidogo mpaka mikono inyooke, kisha pini ya pili hutiwa. Hakijifungi chenyewe, lakini hakina ulegevu wa kutajika, hakihitaji shabaha kali, na fundi wa karakana yoyote anaweza kukitunza.

Magari yasiyokatwa

Wengine waliona heri kuondoa kiungio kabisa. Boston ilianza mwaka 1912 kuunga tramu mbili kuukuu kwa chumba kidogo kilichoning'inia katikati, zikawa gari moja linalopinda. Reli ya North Shore, ambayo treni zake zilipita juu ya nguzo za Chicago na kisha katikati ya barabara za Milwaukee, ilinunua mwaka 1941 treni mbili ziitwazo Electroliner, ambazo sehemu zake ziliegemea bogi za pamoja. Chicago yenyewe, kuanzia mabehewa ya mwaka 1950, iliyaunga mawili mawili kwa fito isiyofunguliwa ila karakanani, na viungio vya kujifunga vikabaki kwenye ncha za nje za kila jozi.

Katika miaka ya 1960 miji mingi ya Ujerumani iliondoa viungio vya Albert na kuweka vya kujifunga. Hata hivyo, tramu mpya kadhaa bado huwekewa kiungio cha Albert kwa ajili ya kuvuta gari lililoharibika njiani.