The Da Vinci Code (mchezo wa video)

The Da Vinci Code ni mchezo wa video wa mafumbo na upelelezi uliotolewa Mei 2006. Ulitengenezwa na kampuni ya The Collective na kusambazwa na 2K Games kwa ajili ya PlayStation 2, Xbox na kompyuta za Windows. Msingi wake ni riwaya ya kusisimua ya Dan Brown ya mwaka 2003, iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 80. Filamu ya Ron Howard ilitoka wakati huohuo, lakini mchezo ulifuata kitabu. Kwa hiyo wahusika hawafanani na Tom Hanks wala Audrey Tautou.

Uchezaji

Mchezaji humwongoza Profesa Robert Langdon au Sophie Neveu, mtaalamu wa maandishi ya siri wa polisi ya Ufaransa, kuanzia jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ambako babu yake Sophie ameuawa. Hukagua vitu, hufumbua maandishi na mara nyingine hupigana kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Kwa kuwa aliyesoma riwaya angejua majibu mapema, baadhi ya mafumbo yalitungwa upya.

Kifaa mashuhuri ni kripteksi: mche duara wenye pete za herufi, unaofunguka pete zikipangwa kuunda neno sahihi. Akiulazimisha mtu, chupa ya siki iliyomo ndani hupasuka na kuyeyusha karatasi ya mafunjo yenye siri.

Riwaya hutumia pia mfululizo wa Fibonacci (1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21), ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, na Atbash, msimbo wa kale wa Kiebrania unaogeuza alfabeti: herufi ya kwanza huwa ya mwisho. Kwa njia hiyo "baba" huandikwa "yzyz". Mafumbo ya namba humfaa yeyote. Yale ya kupangua herufi humtaka mchezaji ajue Kiingereza vizuri, na hapo wengi wetu hukwama.

Historia na ubunifu

Mwanafunzi asiuchukue mchezo huu kama kitabu cha historia. Louvre na kanisa la Saint-Sulpice ni mahali halisi, na Isaac Newton kweli amezikwa Westminster. Lakini Udugu wa Sayuni, unaodaiwa kuwa chama cha siri cha tangu zama za vita vya msalaba, ulianzishwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard. Orodha ya viongozi wake wa kale, wakiwemo Leonardo na Newton, ni ya kughushi; iliwekwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa miaka ya 1960.

Mapokezi

Wahakiki waligawanyika. Mafumbo yalisifiwa kuliko mapigano, ambayo yalionekana kuchosha.