Mlinzi wa Lango na Bahasha ya Lakiri

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Inakisiwa kompyuta 6,000 hivi ziliathirika. Baada ya hapo taasisi nyingi zilizidi kujenga ukuta-moto, yaani seva inayosimama langoni mwa mtandao, ikikagua kila kinachoingia na kutoka, ikiruhusu au kukataa kwa kanuni alizoandika fundi.

Lakini ikaenea desturi ya kusimba habari ndani kwa ndani, zisisomeke ila na mwenye ufunguo. Hapo mlinzi huona anwani tu, asijue kilichomo. Mwaka 1999 Steven Bellovin, mtafiti wa AT&T, alishauri kanuni ziandikwe mahali pamoja, ila zitekelezwe na kila kompyuta yenyewe. Alikumbusha pia kwamba ukuta wa mpakani hudhani kila aliye ndani ni mwema.

Ndugu msomaji, nilipoyasoma hayo yalinichoma. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mtihani ulivuja. Bahasha zilikuwa zimepita langoni zikiwa na lakiri, nami nikamfukuza mlinzi. Miezi baadaye ikabainika kuwa mwizi ni mwalimu mwenzetu, mwenye ufunguo wa kabati. Nilimtafuta yule mzee nimwombe radhi, alikwisha hama. Tangu hapo sikuondoa mlinzi langoni, lakini kila kabati nililiwekea mtu wa kulijibia.