Kilango cha Vumbi: Habari ya Upepo katika Karakana ya Seremala

Leo nilikusudia kuendelea na habari za wahunzi, lakini imefika barua ambayo naona yafaa ijibiwe kwanza, na kwa bahati nzuri, kama mtakavyosikia, wahunzi nao wamo ndani yake.

Aliyeandika ni fundi seremala mwenye mashine tatu: msumeno wa mviringo, mashine ya randa, na mashine ya msasa. Amenunua feni moja ya kuvuta vumbi, akaiunga kwa mabomba na mashine zote tatu. Sasa asema, “Feni yavuma sana, lakini haivuti.” Amesikia kwamba yako malango madogo ya kufungia mabomba, na ya dukani ni ghali. Auliza, je, aweza kujitengenezea mwenyewe?

Aweza. Lakini mimi ni mwalimu wa historia, si wa useremala, kwa hiyo ataniwia radhi nikimjibu kwa njia ndefu kidogo. Kilango hicho kina ukoo wake, na tukiujua ukoo huo tutajua pia kazi yake, na hata kasoro yake.

Zamani, seremala wa kila nchi alifanya kazi kwa mikono. Randa ya mkono hutoa maranda marefu yanayojikunja na kuanguka miguuni. Patasi hutoa vibanzi. Msumeno wa mkono hutoa unga, lakini unga mzito, usiokaa hewani. Tena mara nyingi mti ulikuwa mbichi. Katika vilima vya Chiltern, kusini ya Uingereza, walikuwako mafundi waliofanya kazi mwituni na kukereza miguu ya viti kwa kerezo la kukanyaga, na mti wenyewe umekatwa karibuni. Mti mbichi hautoi vumbi la kuruka. Watu hao walipata taabu nyingi, mvua na ujira mdogo, lakini vumbi halikuwa mojawapo.

Mambo yaligeuka ilipokuja mashine. Mwaka wa 1777 Samuel Miller wa Southampton alipata hati ya serikali ambayo ndani yake umetajwa msumeno wa mviringo. Baadaye Samuel Bentham, aliyekuwa mkaguzi wa viwanda vya merikebu za kivita, akapata hati nyingine za mashine za mbao. Kisha ikajengwa karakana mashuhuri ya Portsmouth, ambako Marc Brunel alibuni mashine za kutengeneza kapi, zile roda za kupitishia kamba za matanga. Henry Maudslay ndiye aliyezifanyiza. Kufika mwaka wa 1808 karakana ile ilikuwa ikitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 walifanya kazi iliyohitaji watu 110 hapo kwanza. Jambo hili limo katika vitabu vingi vya historia, nalo husifiwa sana. Sijaona kitabu kinachouliza wale watu 10 walivuta hewa ya namna gani. Msumeno uendao mbio hukata mbao kavu ukaifanya unga mwembamba, na unga huo haushuki. Huning'inia hewani kama moshi.

Ilipita miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuuondoa unga huo kwa upepo. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Benjamin Franklin Sturtevant, fundi viatu wa Marekani aliyekulia katika umaskini. Alikwenda Boston na mashine yake ya kutengeneza vijiti vya kushikizia soli. Alipoona vumbi la mashine katika viwanda vya viatu, akabuni feni ya kulivuta. Hayo yalikuwa katika miaka ya 1860. Feni zake zikaenea upesi katika viwanda vya chuma, katika meli, na katika viwanda vya kupiga randa mbao.

Lakini tuseme kweli: wenye viwanda vya mbao hawakununua feni kwa kumhurumia mfanyakazi. Mashine moja ya randa yaweza kumzika mtu kwa maranda kwa siku moja, na kuyazoa kwahitaji vibarua. Tena maranda ni kuni. Feni iliyavuta toka kwenye mashine na kuyapeleka moja kwa moja kwenye tanuri ya mtambo wa mvuke, na mvuke huo huo ukaizungusha feni. Hesabu ilikuwa nzuri. Kifua cha mfanyakazi hakikuwamo katika hesabu hiyo.

Na kilango je? Hapa ndipo wahunzi wanapoingia. Mhunzi alipoacha mvukuto wa ngozi akatumia feni, alikutana na shida mpya: mvukuto hupumzika mkono ukipumzika, lakini feni haipumziki. Feni moja ilipuliza majiko mengi kwa bomba moja kubwa lenye matawi. Ilipasa kila mhunzi awe na njia ya kupunguza upepo wake bila kumnyima mwenzake. Basi katika kila tawi kikatiwa kibati kipitacho kwenye ufa, cha kusukuma na kuvuta. Feni ilipogeuzwa ivute badala ya kupuliza, kibati kile kikahamia nayo katika karakana ya seremala. Ndiyo maana hata leo jina lake la Kiingereza lasema “lango la mvumo”, jina la jikoni kwa mhunzi, ingawa kwa seremala hakuna kinachovumishwa.

Jamaa wa pili wa ukoo huu alitoka katika kinu cha unga. Tarehe 2 Mei 1878, katika mji wa Minneapolis, kinu kikubwa cha ngano kilichoitwa Washburn A kililipuka, wakafa watu 18. Kilicholipuka si baruti, ni vumbi la unga lililojaa hewani. Baada ya hapo juhudi za kukusanya vumbi zikaongezeka, na katika miaka ya 1880 zikapatikana Marekani hati za chombo kama pia kubwa ya bati, ambamo hewa huingia kwa ubavuni ikizunguka kama kimbunga, vumbi likatupwa ukutani na kuteremka chini. Chombo hicho mwakiona hata leo juu ya mapaa ya viwanda vya mbao.

Basi kufika mwisho wa karne ya 19 kila kitu kilikuwa tayari: feni, mabomba, kilango, kimbunga. Kilichokosekana ni sababu ya kumjali anayevuta hewa. Sababu hiyo ilichelewa, na ilipokuja, ilikuja kwa njia ya huzuni.

Nimetaja vilima vya Chiltern. Chini yake uko mji wa High Wycombe, maili 30 hivi magharibi ya London, mji wa viti. Wale wakerezaji wa mwituni walimalizika, kazi ikaingia viwandani: mbao ngumu iliyokaushwa, misumeno ya mashine, msasa wa mashine. Katika hospitali ya mji huo alikuwako daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo, Bibi Esme Hadfield. Katika miaka ya 1960 akatambua jambo lililomshangaza. Iko saratani moja ya ndani ya pua ambayo ni adimu sana. Daktari wa kawaida aweza kufanya kazi maisha yake yote asiione. Yeye aliwaona wagonjwa wake kadhaa, nao walikuwa watengenezaji wa samani.

Akashirikiana na madaktari wa Oxford, miongoni mwao Ronald Macbeth na Donald Acheson. Walichunguza orodha za wagonjwa na kazi zao, na mwaka wa 1968 wakatangaza matokeo yao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Hatari ya ugonjwa ule kwa watengenezaji wa samani ilikuwa kubwa mara mamia kuliko kwa watu wengine. Nawaomba mtulie hapa kidogo, kwa maana namna walivyotafuta kisababishi ni fundisho zuri. Katika kiwanda cha samani mna vumbi, mna gundi, mna rangi na vanishi. Ungedhani mkosaji ni vanishi, kwa sababu inanuka. Lakini walioumwa zaidi hawakuwa wapaka vanishi. Walikuwa watu wa mashine, na wale waliotengeneza viti na makabati, yaani watu wa vumbi. Tena wengi walikuwa wameianza kazi miaka 40 hivi kabla ya ugonjwa kujitokeza. Mtu aliyeingia kiwandani kijana wa miaka 15 aliuona ugonjwa karibu na uzeeni, na bila daktari mwenye macho makali asingejua umetoka wapi.

Mwaka wa 1969 serikali ya Uingereza iliuingiza ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia. Mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza rasmi kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu. Tangu mwaka wa 2020 kipimo cha Uingereza kwa vumbi la mbao ngumu ni miligramu 3 katika mita moja ya ujazo wa hewa, nacho cha Umoja wa Ulaya ni miligramu 2 tangu mwaka wa 2023. Miligramu 3 ni kidogo sana zikitawanywa katika sanduku lenye mita moja kila upande. Huwezi kuziona.

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Mvule, mti tuupendao kwa milango, vumbi lake lajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu. Na mwaka wa 2002 ulichapishwa uchunguzi juu ya mafundi wa karakana ndogo za mbao nchini Tanzania. Kikohozi na taabu za kifua zilionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao wasiofanya kazi ya mbao.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Viwanda vikubwa viliweka feni kubwa yenye nguvu ya kutosha mashine zote kwa pamoja. Mtu wa karakana ndogo hana feni hiyo. Ulaya na Marekani, baada ya vita vya pili vya dunia, watu wengi walianza kuwa na mashine ndogo nyumbani, na baadaye feni ndogo ya kuvuta vumbi ikafuata. Feni hiyo yaweza kuhudumia mashine moja tu kwa wakati mmoja. Ili upepo ubebe unga wa mbao bila kuuangusha njiani, hauna budi kwenda kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Fundi akiacha matawi matatu wazi, upepo hugawanyika. Kila tawi lapata mwendo wa uvivu, unga hulala bombani, na ule mwembamba wabaki mbele ya pua yake. Feni yavuma, lakini haivuti. Akifunga mawili, la tatu hupata haki yake yote. Hiyo ndiyo kazi ya kilango.

Mafundi wa nyumbani ndio waliokirekebisha kilango, nami nawasifu kwa hilo. Kile cha dukani cha namna ya kale ni kibati kinachoingia katika mfuo uliofungwa upande wa mwisho. Unga huingia pembeni mwa mfuo ule, ukashindiliwa kila unapofunga, na baada ya majuma machache kibati hakifiki mwisho. Mafundi wakabuni hivi: mbao mbili nyembamba za plaiwudi zilizotobolewa tundu la kadiri ya bomba, katikati yake vijiti viwili vya kandoni, vikizidi unene wa kibao cha kuteleza kwa unene wa karatasi tu. Kibao chenyewe ni kirefu, kimetobolewa tundu nusu moja, nusu ya pili ni kizima, na mfuo uko wazi ncha zote mbili. Ukikisukuma, tundu zalingana, upepo wapita. Ukikivuta, sehemu nzima yafunga, na unga ulioingia wasukumwa nje uanguke sakafuni. Kipake nta ya mshumaa kiteleze. Chavuja kidogo sana, na si neno.

Yako mambo mawili zaidi, fundi. Kwanza, usiogope kwamba kufunga vilango kutaichosha mota. Feni ya namna hii, ya kutupa hewa kwa mapanga yake, hupunguza kazi njia ikizibwa. Ni ikiwa wazi ndipo inapokula umeme zaidi. Fungua kilango cha mashine utakayotumia kabla ya kuwasha, na zilizobaki zifungwe. La pili ni zito zaidi. Mfuko wa kitambaa chepesi chini ya feni hushika maranda, lakini ule unga usioonekana hupenya kitambaa ukarudi chumbani, na feni yako yageuka kuwa ya kuutawanya. Kama ukuta wa nyuma hauna jirani wa kumdhuru, toa bomba la feni nje kabisa. Kama yuko jirani, tafuta chujio la nguvu, na barakoa nzuri unapopiga msasa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwa wahunzi wetu na habari ya mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Kwaherini.